Fungu la Mika

Kambi ya Riadha, Moshi
10 Machi 1974

Dada yangu Yudith,

Shikamoo. Naamini umeamka salama, wewe na mama na mpwa wangu Mika, na shemeji Kristofa huko Kwamkoro kwenye chai yake. Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa miguu, ambayo sina hakika kama bado ni yangu. Mwambie mama kwamba baridi ya hapa haifikii ile ya Bungu, kwa hiyo aache kuniwazia sweta. Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia, wasije wakasema nimeshaanza kuringa.

Mwalimu wetu anaitwa Abdallah, mtu wa Pangani, mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa mambo. Asubuhi tunakimbia kupanda barabara ya mlimani mpaka mate yanakuwa mazito kama uji. Jioni tunabeba vyuma. Usifikiri ni vyuma vya maana. Ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, yamegandishwa kwenye ncha mbili za bomba la maji. Nami nimepangiwa mbio za kuruka viunzi na maji, ambazo zinataka pumzi ya mkimbiaji na mapaja ya mbeba mizigo kwa pamoja. Mwezi wa kumi watachagua timu ya taifa. Nikichaguliwa, jeshi litaniajiri, na mama atalala chini ya bati.

Sasa neno lenyewe, na ninaona haya kuliandika. Mwalimu anasema mtu anayekimbia na kubeba vyuma kwa wakati mmoja anakula mara mbili bila kuongeza sahani. Ugali na viazi ni vya kukimbilia. Maharage, maziwa, nyama na mayai ni vya kujengea kile ambacho vyuma vimekibomoa. Mafuta kidogo ndiyo yanayofanya moto ukae. Kimoja kikipungua, vingine vinapotea bure. Hapa kambini ugali upo wa kutosha, lakini maharage tunayaona mara chache na nyama tunaisikia harufu kutoka jiko la maofisa. Nimepungua mpaka kaptula inafungwa kwa kamba. Kama mna maharage ya akiba, na karanga, na samli hata chupa moja, nitumieni. Kama hamna, basi yaishe, wala usimwambie mama kwamba niliomba.

Mdogo wako,
Sefania


Bungu
7 Aprili 1974

Sefania mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niligawiwa Jumapili baada ya ibada, nikaisoma njiani huku nimembeba Mika, na mama alikwisha kujua umeomba nini kabla sijafika mlangoni, maana sina uso wa kuficha. Hajambo, ila magoti. Kristofa alikuja Krismasi akakaa mpaka mwaka mpya ulipoanza, akarudi kwenye chai yake, na tangu hapo ni salamu tu. Mvua imegoma. Watu wanatazama juu mpaka shingo zinawauma.

Mika anatembea, na akianguka anatazama kwanza kama kuna mtu aliyemwona ndipo alie. Nimemwachisha ziwa. Alilia sana, nikapaka mwarobaini, akakubali. Usiniulize mbona mapema. Ni mambo ya wanawake.

Unayajua ya mama. Tangu wewe uondoke, kila anapopakua anatenga kwanza fungu lako, kama alivyokuwa akitenga la baba alipokuwa reli, na fungu la aliye safarini haliguswi na mtu. Zamani fungu hilo lilikuwa bakuli tu, na jioni tunalila sisi. Sasa kwa kuwa umeomba, anasema fungu lazima likufikie kweli. Maharage ya vuli tumekutilia kwenye gunia dogo. Karanga zimetoka sokoni Korogwe. Maziwa ya ng'ombe wa mama yote tunayasukasuka tupate samli, na chupa ya kwanza hiyo hapo, nimeiziba kwa gunzi. Lori la mboga litavishusha stesheni ya Korogwe, na garimoshi litakuletea.

Sisi tunashiba. Kuna bada ya muhogo na kuna ndizi, na mboga ya maboga ya huku bondeni haijakauka. Kula, ujaze hiyo kaptula.

Dada yako,
Yudith


Moshi
19 Mei 1974

Dada Yudith,

Shikamoo. Nakusalimu kwa mkono ulioshiba. Gunia limefika, chupa imefika, gunzi limefika. Mwambie mama kwamba nilipofungua samli ile, bweni zima liligeuka, na watu wawili ambao hawakuwahi kunisalimia waliniita ndugu. Shemeji Kristofa nimemwandikia, hajajibu. Labda chai imemkatazia kalamu.

Dada, ni kitu cha ajabu. Mwezi ulipoisha nilipanda kwenye mizani nikakuta uzito umerudi, na haukurudi tumboni. Umekaa mapajani na mabegani. Mwalimu alinipigapiga mgongoni kama anakagua ng'ombe. Ananipangia: ugali mwingi asubuhi kabla ya mlima, maharage na samli mara tu ninapoweka vyuma chini, kwa kuwa saa ile ndiyo mwili unatafuta cha kujengea. Alitueleza jambo moja ambalo sijalisahau. Alisema mtu akila ugali mtupu siku nyingi, anashiba kabisa, anaona amekula, lakini mwili unaanza kula nyama zake wenyewe, na tumbo linakuwa kubwa huku misuli inaisha. Akasema mtu wa namna hiyo hajui kama ana njaa.

Nimeruka kiunzi cha maji juzi bila kulowa kisigino. Kama mnaweza tena, msiache. Nikikosa sasa nitarudi nilikotoka. Vipi Mika? Ameshajifunza kusema mjomba, au bado ananiita kwa jina la mbuzi?

Mdogo wako,
Sefania


Bungu
14 Julai 1974

Sefania,

Marahaba, na pole kwa mazoezi. Mama anakusalimu kwa Kishambaa chetu, onga mshi, na anauliza kama huko mnasali. Huku ukame umetubana. Mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa mtoto. Duka la kijiji limeleta unga wa yanga, wa njano, unanuka gunia, tunaupanga foleni tangu kuku wa kwanza. Lakini usihuzunike. Ng'ombe bado anatoa kidogo na maharage tuliyafukia kwenye majivu mapema, hayakubunguliwa. Fungu lako limo kwenye kifurushi hiki.

Sikukuu ya Saba Saba mpiga picha alipanda kutoka Korogwe, nikampigisha picha Mika ili umwone. Itazame vizuri. Mashavu hayo. Yule mtoto aliyekuwa mifupa mitupu akimkimbiza jogoo sasa amekuwa mzee wa kijiji, ukimweka chini ya mgomba anabaki hapo hapo mpaka umwondoe, hasumbui mtu. Nywele zimelainika na kuwa nyekundu-nyekundu, majirani wanamtania wanamwita mzungu. Miguu nayo imejaa, viatu vya Krismasi havimwingii. Kula tu ndiyo siku hizi anachagua, na akilia analia kwa sauti ndogo. Nadhani ni ukubwa.

Kanisani sijaenda Jumapili mbili hizi. Kazi ni nyingi. Barua yako ya Mei nililetewa na Esta, jirani yetu. Kristofa hajambo, nasikia.

Usiniulize habari zangu mimi. Mimi ni yule yule.

Yudith


Moshi
4 Agosti 1974

Dada yangu,

Shikamoo. Sitasalimia sana leo, nisamehe.

Picha ilipofika niliizungusha bweni zima. Niliwaambia huyu ndiye mpwa wangu, tazameni tunavyokula kwetu. Nilijivuna, dada. Nikampelekea Mwalimu Abdallah naye, nikidhani atacheka. Akaiendea dirishani. Akaitazama mpaka nikaona amezidisha, kisha akaniuliza kama mama wa mtoto ana mimba nyingine, na kama mtoto aliachishwa ziwa mapema, na nywele zake zina rangi gani. Nikajibu la nywele na la ziwa. La kwanza nilisema sijui.

Akaniambia, "Huyu mtoto hajanenepa, Sefania. Amevimba."

Inaitwa unyafuzi, wengine husema kwashakoo. Amesoma habari zake chuoni na amewaona watoto wa namna hiyo kwao, mwaka wa njaa. Ni kwamba mtoto anashibishwa bada na ndizi na uji mtupu, hapati maziwa wala maharage wala yai, basi mwili unakosa cha kujengea, maji yanajaa miguuni na usoni, nywele zinabadilika, na mtoto anapoa. Utulivu ule uliousifu ni ugonjwa. Mwalimu anasema mtoto kama huyo anakufa ghafla, hata mafua yanamwondoa.

Nakuomba, ukimaliza kusoma mbebe, umpeleke hospitali Bumbuli. Usingoje Jumatatu, usingoje lori. Na kuanzia leo maziwa yote ni ya Mika. Maharage yapondwe, yachujwe maganda, alishwe kidogo kidogo. Kuku akitaga, yai ni la Mika, na mama akisema mtoto hali mayai mwambie mjomba wake ameamuru. Msinitumie tena kitu. Hata punje.

Nijibu upesi. Na lile swali la Mwalimu, la mimba, nijibu nalo. Sitakulaumu.

Mdogo wako,
Sefania


Moshi
1 Septemba 1974

Dada Yudith,

Shikamoo. Sijapata jibu. Juzi kimekuja kifurushi, samli na maharage, bila barua ndani. Nilipokiona nilijua hujasoma niliyokuandikia. Mika yukoje? Niandikie hata mstari mmoja, au mwambie Esta aandike.

Sefania


Bungu
22 Septemba 1974

Mdogo wangu Sefania,

Marahaba. Mama yupo. Esta yupo, ndiye aliyenipa karatasi hii. Kristofa amekuja, naye amekaa nje na wanaume.

Mika alifariki siku ya Alhamisi, huko hospitali, asubuhi, watu wakinywa chai. Tumemzika hapa nyumbani karibu na baba. Nimeliandika mwanzoni kwa sababu najua ungelitafuta.

Uliniuliza kama nina mimba. Ninayo, tangu Kristofa alipokuja Krismasi, na mwezi ujao nitajifungua Mungu akipenda. Mika alikuwa bado ananyonya nilipoishika. Ndiyo maana nilimwachisha, na ndiyo maana sikukwambia. Unajua maneno ya kwetu. Mama akishika mimba na mtoto bado yuko kifuani, kisha mtoto adhoofike, husemwa kwamba wazazi wamembemenda, wamemharibu kwa kukosa subira. Miguu yake ilipoanza kujaa mama mkwe alinitazama kisimani mbele ya wanawake, akasema mtoto wa watu ameharibiwa kwa tamaa za usiku mmoja. Hakunitaja jina. Nikajitwisha ndoo, nikaondoka.

Nikamficha. Nilimfunika kwa kanga hata kukiwa na jua. Mpiga picha alipokuja nilisema moyoni, kama ametoka mzuri kwenye picha basi maneno yao ni ya uongo. Picha ikatoka nzuri. Nilifurahi, Sefania. Nikaacha kwenda kanisani wasije wakamkagua, na wewe unajua barua hugawiwa wapi. Barua yako ya Agosti ilikaa dirishani kwa mzee wa kanisa, na ya pili ikawekwa juu yake. Esta alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake Korogwe. Aliporudi ndiye aliyeniletea zote mbili kwa pamoja.

Niliisoma nimesimama. Sikumwambia mama hata neno, nikambeba Mika, Esta akabeba maji, tukaondoka kungali giza, tukafika Bumbuli jua limekwisha kugeuka. Walitupokea vizuri, nataka ujue hilo. Walimpa maziwa kwa mpira mwembamba, kidogo kidogo, usiku na mchana. Siku ya tatu aliniomba ndizi. Nilimwambia muuguzi, tukacheka wote wawili. Kisha kifua kikamkamata.

Baadaye muuguzi yule alikaa nami kwenye benchi, akanieleza kwa upole kwamba mtoto alikuwa anashiba lakini hakuwa anapata vya kujenga mwili, na kwamba mtu akila wanga mtupu mwili unakula nyama zake wenyewe. Nikamwambia najua. Akashangaa, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikasema ndugu yangu aliniandikia tangu mwezi wa tatu.

Kwa sababu ni kweli uliniandikia. Barua zako zote ninazijua kwa moyo. Niliyasoma maneno yale nikaona ni ya mkimbiaji, ni ya watu wa makopo ya saruji. Nilikuwa nikisoma huku nimempakata Mika, nikimlisha bada kwa mkono wa pili. Haikunijia hata siku moja kwamba mtoto naye ana mwili.

Mama hali chakula vizuri. Jana alipakua, akatenga fungu lako kama kawaida yake. Nilitaka kulipiga teke. Sikulipiga. Alikuwa hatazami anachofanya.

Usije. Mashindano ni mwezi ujao, na ukija hapa utakaa kwenye mkeka utazame ukuta tu. Kimbia. Mtu akiniuliza kwa nini maziwa yalikwenda Moshi, sina jibu jingine la kumpa zaidi ya wewe.

Dada yako,
Yudith


Moshi
20 Oktoba 1974

Dada yangu Yudith,

Shikamoo. Shikamoo kwa mama. Poleni, ninyi na shemeji Kristofa. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara nafika kwenye salamu ya Mika, mkono unaiandika wenyewe.

Nikwambie kwanza hili, usije ukasikia kwa mtu. Agosti, Mwalimu aliniambia nikitaka ruhusa ya kwenda nyumbani atanipa. Nilimjibu nitangoja barua yako. Nilijiambia ukimya wako maana yake ni salama. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kupunguza muda wangu wa mbio kila wiki na sikutaka kukatiza. Kutoka hapa mpaka Korogwe ni garimoshi la siku moja. Mzigo wa kumficha usiubebe peke yako, dada. Wewe ulimfunika kwa kanga, mimi nilimfunika kwa saa ya mwalimu.

La pili. Mtoto akizaliwa, na wewe mwenyewe unayenyonyesha, maziwa ya ng'ombe ni yenu, na maharage ni yenu. Mwambie mama kwamba fungu la safarini nimelirudisha nyumbani, kwa mdomo wangu mwenyewe, asitenge tena. Akikataa nitakuja kumwambia kwa Kishambaa, uso kwa uso. Na mama mkwe akisema neno kisimani, mjibu. Waambie wanawake wote alichokueleza muuguzi. Wapo watoto wengine hapo kijijini wenye mashavu kama yale.

Jana nilikimbia. Nilikuwa nimeamua nisikimbie vizuri. Niliona ingekuwa heshima, nishindwe, nirudi Bungu na aibu yangu, nikae karibu na Mika. Bunduki ilipolia nilikaa nyuma ya wote. Lakini mzunguko wa nne ulipofika, wale wa mbele walianza kuchoka, na mimi niliutafuta uchovu sikuuona. Pumzi ilikuwepo. Kwenye kiunzi cha maji wenzangu walikuwa wakitumbukia mpaka magotini, na mapaja yangu yalinivusha kana kwamba kuna mtu ananisukuma kwa chini. Nilijaribu kupunguza mwendo, miguu haikupunguza. Nilimaliza wa kwanza. Watu walinibeba, na Mwalimu Abdallah alilia, akasema mwili wangu umejengwa sawasawa, hakuna kilichopungua. Nimechaguliwa timu ya taifa. Jeshi limenichukua. Mama atapata bati lake.

Dada, ningeshindwa ningesema chakula kile kilipotea bure, na ningepata cha kulilia. Hakikupotea. Kila tone la samli na kila punje vilifanya kazi yake, nami ninatembea navyo, nikivua shati ninaviona.

Mjomba wake Mika,
Sefania